Mazoezi ya Kubeba Nyama

Kiangazi hicho kizima, kila alipopata nafasi, Wairimu alipanda ngazi za dharura za jumba moja refu la West Bay, mjini Doha, akiwa na mchele mgongoni. Lifti zilikuwepo, tena nzuri, zenye vioo na muziki wa kubembeleza, na wakazi wengi wa jumba hilo hawakujua hata mlango wa ngazi uko upande gani. Wairimu aliujua. Alikuwa muuguzi wa nyumbani wa bibi mmoja wa Kilebanoni aliyeishi ghorofa za juu. Jioni, binti wa bibi aliporudi kutoka kazini na kushika zamu, Wairimu alivua sare, akavaa buti, akashuka hadi chini kwa lifti ili apande tena kwa miguu.

Mlinzi wa mapokezi alikuwa Nick, mtu wa Kitui mwenye maneno mengi kuliko redio. Siku ya kwanza alipomwona akiingia ngazini na mzigo alimfuata mbio.

“Sista, lifti imekukosea nini?”

“Haijanikosea. Ninajifunza kubeba.”

“Kubeba nini?”

“Nyama.”

Nick aliutazama mkoba, akamtazama usoni, akarudi kwenye mkoba. “Nyama ya nani?” aliuliza, kwa sauti ya mtu anayefikiria kuita polisi.

Ilibidi amweleze palepale mlangoni. Kaka yake, Githinji, anaishi magharibi ya Marekani, katika mji mdogo ulio chini ya milima, na anaendesha lori. Huko kwao kuna mnyama wa porini aitwaye muusi. Kumwinda si kuamka tu na bunduki. Lazima upate ruhusa ya serikali, na ruhusa hutolewa kwa kura ya bahati nasibu. Watu huomba mwaka baada ya mwaka mpaka wanaota mvi. Ukibahatika, umebahatika mara moja tu katika maisha yako. Jina lako halirudi tena kwenye kura. Mwaka huo jina la Githinji lilikuwa limetoka.

“Na huyo muusi ni mnyama wa aina gani?”

“Ni kama swala aliyesahau kuacha kukua. Mkubwa kuliko ng’ombe, miguu mirefu, pua imening’inia, pembe pana kama sinia za pilau.”

“Sasa wewe unaingilia wapi?”

“Anakaa mbali, mahali gari halifiki. Ukimuua unamkata hapohapo, kisha unamtoa kwa mgongo, paja moja moja, kuvuka mito na vilima. Githinji anahitaji wabebaji.”

“Hakuna punda?”

“Githinji hana punda.”

“Amerika nzima hakuna punda!” Nick alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. “Na watu kwetu wanauza mashamba wafike huko.”

Tangu siku hiyo alimfungulia mlango wa ngazi mwenyewe, na kila aliporudi chini alimuuliza, “Nyama imefika salama?”

Kuna jambo ambalo Wairimu hakumwambia Nick. Nyama haikuwa shida yake hata kidogo.

Mama yao alifariki Njabini, chini ya msitu wa Nyandarua, katika mwaka wa pili wa korona. Wakati huo Wairimu alikuwa akifanya kazi katika kituo cha kutunza wazee hapo Doha, na likizo zote zilikuwa zimesimamishwa. Githinji hakuwa na karatasi za kuishi Marekani. Kwake, kutoka Marekani kungekuwa kutoka moja kwa moja. Basi watoto wawili pekee wa mama yule walimzika kwa simu, mmoja jangwani, mwingine kwenye theluji. Mtandao wa Njabini ulikuwa mbaya. Jeneza lilipofika ukingoni mwa kaburi picha iliganda, mchungaji akabaki mdomo wazi na mkono juu. Iliporudi, watu walikuwa wakiimba na sepeto zimelazwa chini. Wairimu hakumwona mama yake akiingia ardhini. Githinji pia hakumwona.

Alilia, ndiyo. Watu wa kanisa walimletea chakula, wakamwombea, na Edith, Mganda aliyekaa naye chumba kimoja, alimshika mkono mpaka akalala. Lakini kumlilia mtu mbele ya watu wasiomjua ni kama kuwasimulia ndoto: wanasikiliza kwa upole, ila hawaioni. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyejua jinsi Mama alivyocheka akifunika mdomo kwa ncha ya leso, na alivyowaita kutoka ng’ambo ya mto kwa mluzi, mwanamke mzima, mshirika wa kanisa, vidole viwili mdomoni. Mtu huyo ni Githinji. Walipigiana simu kila wiki. Waliongea hali ya hewa, bei ya mafuta, siasa za nyumbani. Mama hawakumtaja. Mara moja tu Githinji alianza, “Unajua, kuhusu Mama,” kisha akasema, “Acha. Tutaongea tukionana.”

Tukionana. Wairimu alikaa na neno hilo kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani mlangoni. Hawakuwa wameonana kwa zaidi ya miaka kumi.

Hatimaye Githinji alipata karatasi zake. Alikuwa amepanga kwenda nyumbani Desemba kwa likizo yake moja ya mwaka, na Wairimu naye aombe ruhusa, wakutane kaburini. Kisha kura ikatoka, na Githinji akapiga simu akipumua kama mtu aliyekimbizwa.

“Wairimu, nimempata! Muusi! Msimu unafunguliwa Septemba.”

“Na Desemba?”

Alisikia furaha ya kaka yake ikipunguza mwendo. “Likizo yangu ni moja, unajua. Na ruhusa ni moja. Lakini sikiliza. Njoo huku. Mbebaji mmoja ninaye, Bradley wa kazini. Wa pili nakutaka wewe.”

“Mimi? Mwanamke wa miaka arobaini?”

“Huko Njabini nani alikuwa anabeba kuni, mimi au wewe?”

“Mimi. Wewe ulikuwa unatega fuko.”

“Basi. Mtega fuko amepandishwa cheo. Lakini mbebaji ni yuleyule.” Alicheka, kisha sauti yake ikashuka. “Tutakaa juu huko siku nyingi, hakuna simu, hakuna kazi. Tutaongea.”

Wairimu hakuhitaji kuambiwa wataongea nini. Siku iliyofuata alinunua mkoba mkubwa wenye fremu na jozi ya buti, na muuzaji wa duka la michezo akamuuliza kwa Kiingereza kama anahamia mahali.

Githinji alimtumia maagizo kwa sauti, vipande virefu alivyorekodi akiwa barabarani. Asilete nguo za pamba. Pamba ikilowa huko baridi itamwingia mifupani. Avae buti sasa, zimuumize miguu Doha, si mlimani. Ajifunze kushuka, kwa sababu mlima unaumiza magoti wakati wa kurudi na mzigo. Doha haina hata kilima cha kumpandisha mbuzi. Ndiyo maana Wairimu alichagua ngazi.

Siku moja Edith alikuwa akipiga pasi, na simu ya Wairimu iliyokuwa kitandani ikaanza kutoa mlio mrefu, mzito, wa kuvuta kutoka tumboni.

“Banange! Nani anajifungua?” Edith aliruka na pasi mkononi.

“Ni kaka yangu.”

“Kaka yako anajifungua?”

“Anajifunza kumwita muusi. Jike hulia hivyo likitafuta dume.”

Edith alisikiliza mlio wa pili kwa makini, kichwa upande. “Mwambie hata mimi singekuja,” alisema. “Huyo jike ana shida nyingi.”

Walicheka mpaka wakakaa chini. Usiku huo Wairimu aliusikiliza mlio ule tena peke yake, simu sikioni. Ulimchekesha tena, kisha ukaacha kumchekesha. Aliisikia pumzi ya Githinji kabla ya kila mlio, namna alivyoivuta kwa nguvu puani, kama alivyofanya utotoni kabla ya kuruka mto.

Mabega ndiyo yaliyomsumbua. Kamba za mkoba zilimkata, na akifika ghorofa za katikati mikono ilikuwa imekufa ganzi. Ngazini hapakuwa na kiyoyozi cha maana. Hewa ya Agosti ilikaa humo kama mvuke wa sufuria. Jioni moja alitua mzigo, akakaa juu yake, na ndipo ilipomjia kwamba anabeba kama mvulana.

Njabini wasichana hawakubeba kwa mabega. Walibeba kwa mukwa, ukanda wa ngozi unaopita chini ya mzigo na kuja kukaa juu ya paji la uso, mbebaji ameinama, shingo imekaza, mikono huru. Mama alibeba hivyo tangu akiwa mtoto: kuni, viazi, maji. Paji lake likashika alama, bonde dogo lililobaki pale hata Jumapili chini ya kitambaa. Alilichukia. Wairimu alipopata nafasi ya sekondari, Mama aliutwaa mukwa wake akautupa motoni. “Kichwa chako sasa ni cha vitabu,” alisema. Ngozi iliyoungua ilinuka nyumba nzima, na hakuna aliyethubutu kufungua dirisha.

Sasa Wairimu alikata mkanda wa sanduku la safari, akaushona mara mbili kwa uzi wa nailoni, akaweka kitambaa laini mahali pa paji. Aliufunga chini ya mkoba, akainama, akausimamisha mzigo.

“Nisamehe, Mama,” alisema kwa sauti, peke yake ngazini.

Shingo ilikumbuka. Ilikumbuka kabla yake mwenyewe, ikajikaza mahali pake kama mtu anayeketi kwenye kiti chake cha zamani. Mabega yakatulia. Akapanda. Na mtu akiwa chini ya mukwa haoni mbele; anaona ardhi tu, na visigino vya yule aliyetangulia. Hilo Wairimu alikuwa amelisahau kabisa. Utoto wake wote wa msituni aliuona hivyo: ukungu wa asubuhi, tope jeusi, majani yaliyolowa, na mbele yake visigino vya Mama vilivyopasuka, kimoja, kingine, kimoja, kingine. Alipanda saruji ya West Bay akiviona. Jasho lilimwingia machoni, na hakulipangusa, kwa sababu alihofia akiinua uso havitakuwepo.

Alipomweleza Githinji kwenye video, na kumwonyesha alama nyekundu kwenye paji, alicheka hadi akasimamisha lori kando ya barabara.

“Ati mukwa! Mama atatoka huko aje akuchape.”

Jina la Mama lilikuwa limemtoka tu. Githinji alitazama pembeni, nje ya dirisha la lori, kwenye milima iliyokuwa imeanza kugeuka njano.

“Njoo tu,” alisema. “Njoo haraka.”

Ijumaa waumini wengi wa Afrika Mashariki hukutana Mesaimeer, penye makanisa. Wairimu alikuwa amenuia kutosema lolote mpaka viza itoke. Lakini Edith hakuweza kukaa na habari hiyo, na Mama Pamela, mwenyekiti wa akina mama, alisimama wakati wa matangazo akasema dada yetu Wairimu anakwenda Amerika, tumkumbuke katika maombi. Watu walisema amina. Ijumaa iliyofuata walikuja na mizigo.

Hakuna mwana wa nyumbani anayeruhusiwa kusafiri mikono mitupu. Hilo halikuanzia Doha. Kulikuwa na majani ya chai ya binti wa fulani aliye Boston, omena alioleta Lenny, muumini mwenzao, kwa mjomba wake wa Dallas, kilo kadhaa za unga wa wimbi, leso, dawa ya mitishamba isiyo na jina, na gauni la arusi lililoshonwa mtaa wa Najma kwa bibi arusi wa Minnesota.

“Lakini Githinji yuko mbali na hao wote,” Wairimu alijaribu kusema. “Ni kama kutoka hapa mpaka Nairobi, tena zaidi.”

“Si wote wako Amerika?” Lenny aliuliza. “Ukifika ndani, utawapigia simu. Watakuja kuchukua.”

“Nitakuwa msituni.”

“Basi watakupata ukitoka.”

Hakuweza kukataa. Alirudi nyumbani na teksi iliyojaa, akautoa mchele kwenye mkoba, akaujaza mizigo ya watu. Wiki zile za mwisho alipanda ngazi na omena wa Dallas mgongoni, na Nick akalalamika kwamba jumba la matajiri limeanza kunuka Ziwa Viktoria.

Siku ya mahojiano ya viza Mama Pamela alimpigia mapema. “Wairimu, wasia wangu ni mmoja. Sema unaenda kutembea. Nyamaza. Watu hawa hawapendi hadithi.”

Wairimu alikubali. Alikwenda ubalozini na gauni la kanisa, nywele zimesukwa upya. Afisa aliyekuwa nyuma ya kioo alikuwa kijana mpole mwenye macho ya uchovu.

“Unaenda kufanya nini?”

Jibu alikuwa nalo. Lakini alikuwa amelipanda jambo hili miezi mitatu, hatua kwa hatua, kwenye joto, na halikutaka kuitwa kutembea. “Kaka yangu amepata ruhusa ya kuwinda muusi,” alisema. “Ninaenda kumbebea nyama.”

Yule afisa aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. “Kumbebea?”

“Kutoka milimani. Nimefanya mazoezi. Ninaweza kubeba nusu ya uzito wangu.”

“Atakulipa?”

“Hapana! Ni kaka yangu. Atanilisha tu na kunipa mahali pa kulala.”

Aliona tabasamu likiondoka, na hakuelewa limekwenda wapi. Afisa akaandika. “Kwa hiyo unakwenda kufanya kazi, kwa malipo ya chakula na malazi.”

“Si kazi,” Wairimu alisema. “Ni kubeba.”

Alitaka kumweleza. Kwao, mtu akichinja, akijenga, akihama au akizika, watu wake huja kubeba, na hakuna anayeliita tendo hilo kazi. Anayebeba ndiye ndugu, na asiyebeba ndiye mgeni. Maneno haya yalikuwa tayari kwa Kikuyu, na yangepatikana kwa Kiswahili. Kiingereza alichokitumia kila siku kusoma dozi na kuandika ripoti kilimwacha palepale. Afisa aliuliza kama ana mume. Hapana. Watoto? Hapana. Nyumba Kenya? Ya Mama, alisema, na hakusema zaidi. Akapewa pasipoti yake na karatasi ya kukataliwa, kwa upole uleule.

Nje jua lilimpiga usoni. Akasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka mlinzi akamwomba asogee.

Githinji alipopata habari alitukana kwa Kikuyu, kisha kwa Kiingereza, kisha akatulia.

“Ni mimi,” Wairimu alisema. “Nilisema kubeba.”

“Si wewe.”

“Ni mimi, Githinji. Aliniuliza kama nitalipwa nikamwambia utanilisha.”

Alisikia kicheko kikitaka kumtoka kaka yake, na kikishindwa. “Bradley ana ndugu yake,” Githinji alisema baadaye. “Anaweza kuja kubeba.”

“Vizuri.”

“Si nyama ninayoisema, Wairimu.”

“Najua.”

Mtandao ulikuwa mzuri siku hiyo. Hakukuwa na mkwaruzo wa kuwasaidia kunyamaza.

“Naweza kuja mimi,” Githinji alisema polepole. “Pasipoti ninayo, na Doha nitaingia. Lakini likizo ni ileile, nimeshaiandikisha Septemba. Nikija kwako, muusi amekwenda. Sitampata tena, si mwakani, si nikiwa mzee. Nimemwomba tangu mwaka wa kwanza nilipoiona milima hii.” Alivuta pumzi. “Nitafanya utakachosema. Sema wewe.”

Wairimu alijua la kusema. Kila mwanamke aliyemlea angesema nenda mwanangu, tutaonana Mungu akipenda. Na Mama angekuwa wa kwanza. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limevaa nguo za Jumapili. Nenda. Aliwaza ile milima aliyoiona dirishani mwa lori. Aliwaza Desemba nyingine na nyingine, simu za kila wiki, bei ya mafuta. Aliwaza kwamba ukimwachia Mungu kila kitu, huenda akadhani huna haraka.

“Njoo,” alisema.

Alisikia mlango wa lori ukifunguliwa na kufungwa.

“Sawa,” Githinji alisema. Hakukuwa na furaha katika sauti yake, na Wairimu hakujidanganya kwamba ameisikia.

Siku zilizofuata alitamani kulirudisha lile neno. Mara kadhaa aliandika ujumbe, nenda tu, usijali, akaufuta. Hakupanda ngazi. Nick alimuuliza muusi yuko wapi akamjibu amepona, na Nick akarudi mezani kwake.

Mizigo aliirudisha Ijumaa, yeye na Edith, mifuko minne. Aliogopa kuulizwa, lakini watu walimtazama kama mfiwa. Lenny aliwapokea omena wa mjomba wake, akawanusa, akasema wamezoea hewa ya Doha, waliwe tu. Mama Pamela alilishika gauni la arusi kifuani.

“Kaa na hii mingine,” alisema. “Utajaribu tena.”

“Sitajaribu, Mama Pamela. Kaka yangu anakuja.”

“Anakuja? Kutoka Amerika?” Uso wa mama yule uling’aa. “Kumbe Mungu amegeuza njia! Na huyo muusi?”

“Muusi amebaki.”

“Wacha abaki,” Mama Pamela alisema. “Si wa ukoo.”

Githinji alifika Doha adhuhuri ya Septemba, na Wairimu alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa wageni tangu asubuhi. Kwenye video alikuwa amemwona uso tu, chini ya kofia, kwa hiyo alimtafuta mtu mwembamba mwenye nywele, kama alivyomwacha. Akapita mtu mnene mwenye kipara na koti mkononi, na Wairimu alikuwa ameshahamisha macho, ila mwendo ule ulimrudisha: mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Mama alitembea hivyo akitoka kanisani.

“We, unamwangalia nani mwingine?” Githinji alisema.

Walishikana, wakaachana, wakatazamana, wakashikana tena. Hawakulia. Wairimu alikuwa amejiandaa kulia, amebeba hata leso, na badala yake walianza kusemana. Githinji alisema Doha ni jiko. Wairimu alimuuliza nywele alimwachia nani. Kwenye teksi Githinji alieleza ndege ilivyochelewa, chakula kilichokuwa kibaya, Mhindi aliyemlalia begani. Na Wairimu alimjibu, akasikia woga ukimpanda taratibu. Amemtoa mtu upande wa pili wa dunia, na sasa wataongea hali ya hewa.

Nyumba ya wanawake walimokaa Wairimu na Edith haikuruhusu mgeni wa kiume, na chumba cha hoteli kilikuwa hakijawa tayari. Waliingia kwenye mkahawa mdogo wa karaki, chai ya maziwa na iliki, meza za plastiki, feni juu, Mkerala mmoja wa India ya kusini akimimina chai kutoka juu mpaka chini bila kumwaga. Waliketi. Githinji aliizungusha bilauri yake.

“Leo wamefungua msimu,” alisema.

“Najua.”

“Sitakudanganya. Nimeumia. Kuna bonde nililiona mwezi wa saba, lina kijito na majani marefu. Alikuwa pale, dume, maji yamemfika magotini. Aliinua kichwa akaniangalia na majani yakimdondoka mdomoni. Nilisema, wewe tutaonana.” Akaizungusha tena bilauri. “Bradley alidhani nina wazimu kuiacha ruhusa.”

“Ungekasirika ukaniambia.”

“Nilikasirika. Nilikasirika mpaka juu ya bahari.” Alikunywa, akaweka chini. “Lakini huyo siye aliyenifanya nisiseme na wewe kuhusu Mama. Hilo ni la zamani.”

Wairimu aliitua bilauri yake mezani.

“Yule jirani aliyekuwa na Mama usiku ule aliofariki alinipigia mimi kwanza,” Githinji alisema. Alikuwa akiongea Kikuyu sasa, polepole, kama mtu anayepita kwenye tope. “Alisema Mama aliuliza mara nyingi. Wairimu amefika? Kila mlango ukilia, Wairimu amefika? Wakamwambia uko njiani. Jirani aliniambia nikwambie mwenyewe, na mimi sikuweza. Nilijiambia sitaki kukuumiza.” Alijaribu kucheka. “Si kweli. Nilikaa na jambo moja tu. Hakuniuliza mimi. Hata mara moja. Nilimuuliza jirani, Githinji hakumtaja? Akanyamaza, kisha akasema, alikuwa amechoka.”

Wairimu alifungua mdomo. Aliutafuta uongo mzuri, na alijua angeupata, na alijua Githinji angeupokea. Lakini alikuwa bado anausikia ule mlango wa Njabini ukilia, na mtu mwingine akiingia, si yeye, na Mama akiinua kichwa.

“Aliambiwa niko njiani,” alisema.

“Ndiyo.”

“Akaamini?”

“Alisema basi wakupikie chai.”

Ndipo kilio kilipotoka. Wairimu aliweka paji lake juu ya mikono, juu ya meza ile ya plastiki, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia, kwa sababu ya chai ile. Na ng’ambo ya meza Githinji alikuwa akilia chake, mabega yakipanda na kushuka, mtu mzima mwenye kipara ambaye mama yake hakumuuliza. Hakuna aliyeweza kumnyamazisha mwenzake. Wairimu alinyoosha mkono bila kuinua uso, ukagonga bilauri, ukaendelea mpaka ukakishika kiganja chake kilichojaa sugu za usukani.

Yule Mkerala alikuja na roli ya karatasi laini, akaiweka katikati yao, akapunguza sauti ya televisheni. Baadaye kidogo alirudi na chai nyingine mbili ambazo hawakuagiza.